Msiguse na Upupu wa Mtoni

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, hata dukani kwa muuza sabuni, yeye alikuwa Msiguse, na mgeni aliyeulizia nyumba yake kwa jina jingine alizungushwa uchochoro huu na ule mpaka akakata tamaa. Jina lenyewe alijitakia. Kila alasiri akitoka kazini, akifika tu kwenye kona ya mtaa wao, alianza kupaza sauti: msiguse, msiguse! Watoto walitawanyika. Akina mama waliokuwa wakianua nguo walizikumbatia na kurudi nyuma. Mbwa wa jirani, asiyemwogopa hata mwenye nyumba, alijipenyeza chini ya mkokoteni. Asiyejua alidhani kichaa anapita. Wala hakuwa kichaa, alikuwa mtu anayetoka kufyeka upupu.

Kama hujawahi kukutana na upupu, shukuru na unyamaze, usije ukajitia ushujaa. Ni mmea unaotambaa. Hupanda juu ya miti ya kingo za mto ukaifunika yote, ukatoa maua ya zambarau ya kupendeza, halafu ukazaa maganda yenye vinyweleo laini vya rangi ya kahawia, vinavyong'aa juani hata mtu mwenye akili zake timamu akatamani kuvipapasa. Haya, avipapase. Vinyweleo vile havichomi kama mwiba, ukajua umechomwa wapi. Huingia kimyakimya. Ukianza kujikuna ndipo umevikaribisha ndani, na ukikimbilia maji umevigawia mwili mzima. Wapo watu wa heshima zao waliowahi kuvua nguo hadharani kwa ajili ya upupu, na wakwe zao wanaangalia.

Msiguse alikuwa katika kikosi cha kusafisha mto unaokatiza mji. Kazi yao ilikuwa kufyeka kingo zote mbili na kuvuta magugu yaliyoangukia majini, ili mvua zikianza maji yapate njia yake yasiingie vyumbani mwa watu. Walitangulia mvua kila mwaka. Na kwa bahati mbaya, au tuseme kwa makusudi ya upupu wenyewe, majira hayo ndiyo maganda yanapokauka, na ganda kavu likiguswa kidogo tu hupukutisha vinyweleo vyake hewani kama vumbi.

Hata mke alimpata kwa njia ya upupu. Bado kijana, alikwenda kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa amepanga kibaraza karibu na soko, akamwambia anataka shati ambalo mikono yake inapita vidole. Fundi, mwanamke mchangamfu asiyekawia kumtania mteja, alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akamuuliza kama bado anakua. Msiguse akaeleza kisa chote, kinagaubaga: mikono mirefu ili iingie ndani ya glavu, kitambaa kizito ili vinyweleo visipenye, na mifuko isiwepo, maana mfuko wa shati ni nyumba ya upupu. Fundi alisahau kucheka. Akachukua futi yake, akampima, akamshonea. Shati likaisha, akarudi kwa suruali. Suruali ikaisha, akarudi kwa kofia. Mpaka kofia inakwisha, mtaa mzima ulikwishajua kwamba hakuna mwanamume anayehitaji nguo kiasi hicho.

Tangu wafunge ndoa, hakuna uzi uliokwenda mtoni bila kupita mikononi mwa Fundi. Alimshonea kola inayofungwa kwa kamba, suruali zenye utepe wa kupita chini ya wayo ili zisipande zikitoka kwenye mabuti, na kofia yenye pazia la kushuka mpaka mabegani. Asubuhi alimvalisha mwenyewe. Suruali iliingia ndani ya mabuti, mikono ya shati iliingia ndani ya glavu, kila ungio likakazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha kitambaa usoni na miwani juu yake. Wenzake kazini walimcheka, wakisema mkewe anamfungasha kama mzigo wa kusafirishwa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Domo, mfyekaji mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa akija na fulana ya mikono mifupi akidai ngozi yake ni ya mamba. Siku moja upepo uligeuka. Ngozi ya mamba ikaonekana inajisugua kwenye nguzo ya daraja huku inalia, watu wamejaa juu wanaangalia. Kesho yake Domo alikuwa wa kwanza kibarazani kwa Fundi, mpole, anauliza bei ya mikono mirefu.

Msiguse hakuwa na maneno, alikuwa na taratibu. Upupu alifyeka alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, kwa sababu kinyweleo chenye maji hakiruki. Umande ukikosekana, aliyamwagia maganda maji kabla ya kuyakata. Upepo aliupa mgongo. Masalia hakuyachoma moto, maana moshi wake hubeba vinyweleo vilevile mpaka machoni na kooni. Na hakujikuna. Hilo la mwisho ndilo lililomgharimu mazoezi. Mwili ukiwasha, alikaza meno na kuendelea na fyekeo, mpaka ikawa kuwashwa kwake ni kama kelele za jirani, anazisikia lakini hazimhusu. Kikosini walikuwa na msemo wao, kikulacho ki nguoni mwako, na kwao haikuwa methali, lilikuwa tangazo la kazi.

Nyumbani, nyuma ya jiko, alijenga kiuga cha mabati. Ndani yake palikuwa na pipa la maji, debe la majivu na msumari wa kutundikia taa. Akifika alipitia uani moja kwa moja bila kusalimiana na mtu. Alivua kwa utaratibu, nguo zikigeuzwa ndani nje, zikazama kwenye pipa. Kisha alijipaka majivu makavu, akayapangusa, na kwenye shingo na vifundo vya mikono Fundi alimgandamizia donge la unga uliokandwa, analibandika na kulibandua, linatoka na vinyweleo vyake. Baada ya hapo ndipo maji na sabuni. Akitoka kiugani na shuka safi kiunoni, ndipo alipokuwa mume wa mtu na baba wa mtu.

Baba wa mtu mmoja, maana walibahatika kupata mtoto mmoja tu, wa kike, tena baada ya kungoja sana mpaka ndugu wa pande zote mbili wakaanza kutoa ushauri ambao hawakuombwa. Alipozaliwa, Msiguse alishindwa hata kumbeba siku za mwanzo. Alinyoosha mikono, akaitazama, akairudisha. Baadaye alizoea. Siku za mapumziko alishinda naye begani.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaunga maneno mawili matatu yalipotokea ya kutokea. Msiguse alikuwa na mafua, sauti imemkauka kabisa. Alifika kona ya mtaa akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Fundi alikuwa ndani kwenye cherehani, na cherehani ikikimbia husikii mlango. Mtoto alimwona baba yake akiingia uani kimya, akafikiri leo ni mapumziko. Alimkimbilia, akamkumbatia miguu, akauzika uso wake wote kwenye suruali.

Yaliyofuata mtaa mzima uliyasikia. Fundi alitoka mbio, akamnyakua mtoto, akamvua, akaanza na donge. Macho yakavimba hadi moja likafunga. Na Msiguse je? Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani na mavazi yake yote, akalia. Mtu mzima na ndevu zake, analia kwa sauti isiyotoka. Machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni na kujifuta hawezi, kwa kuwa glavu zimejaa upupu. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa. Mtoto, mapajani mwa mama yake, alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

Uvimbe uliisha. Lakini tangu siku ile binti yule hakumgusa baba yake. Alimpenda, hilo halina ubishi. Alimwekea maji ya kuoga, alimpelekea chakula, alimsomea barua za ofisini macho yake yalipoanza kuchoka. Ila yote aliyafanya kwa umbali wa mkono mmoja. Shikamoo yake aliitolea mlangoni. Sahani aliiweka mezani na kurudi hatua moja ndipo aseme karibu. Hata siku za mapumziko, baba ameoga, amejipaka mafuta, ananukia kama maharusi, umbali ulikuwa uleule. Akawa msichana, akawa mwanamke, akaolewa, na siku anaondoka alimwagia mama yake machozi begani hadi blauzi ikalowa, kisha akageuka kwa baba yake, akampa ncha za vidole.

Watu husema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Msiguse aliisikia methali hiyo na kila mara ilimchoma. Si yeye aliyempigia kelele mwanawe kila alasiri kwamba asiguse? Basi mtoto amesikia, amlaumu nani? Fundi alimwambia zaidi ya mara moja amuulize binti yake, mdomo haulipiwi kodi. Alijibu kwamba hakuna la kuuliza, jibu liko kwenye nguo zake. Akaendelea na fyekeo.

Basi, Msiguse akiwa amebakiza msimu mmoja astaafu, binti alirudi nyumbani kwa muda. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amehamishiwa kituo kingine, na mpaka apate nyumba huko, mke akaona akae kwa wazazi. Alikuja na mizigo miwili na mtoto mmoja, wa kike, mwenye mashavu ya kujaa mkono na miguu isiyotulia. Babu alipomwona tu alitangaza kwamba amepata mchumba. Fundi akajibu kwamba amefurahi kupata mke mwenza, angalau kuanzia sasa kuna wa kusaidiana naye kukanda unga. Walicheka wote. Binti naye alicheka, akiwa mlangoni.

Usiku ule usingizi ulimpaa Msiguse. Alimwambia mkewe kitu kimoja tu anachokitaka kabla hajaweka fyekeo chini: katika nyumba hii, mtoto mmoja amkimbilie na asijutie. Fundi hakumjibu kwa utani.

Alfajiri alikwenda kwa Nyapara, msimamizi wa kikosi, akaomba apangiwe kazi ya reki upande usio na upupu. Nyapara alikataa. Kipande kilichobaki kilikuwa pale mto unapopinda chini ya daraja, upupu umejijaza tangu majini hadi barabarani, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Alimwambia akiondoka yeye, waliobaki watafyekana wao kwa wao kwa kujikuna. Hapo hapakuwa na rufaa. Msiguse akashika njia nyingine: akaamua kwamba nguo ya kazi haitaingia tena nyumbani kwake.

Mtoni palikuwa na banda la zana. Akaomba kona yake, akapeleka debe la majivu, donge la unga kwenye kikopo, sabuni na ndoo. Kila asubuhi alibeba shati na suruali safi kwenye mfuko wa salfeti, ule uliofumwa kwa nyuzi za plastiki, akautundika mbali na zana. Jioni alivulia bandani, akajisafisha bandani, mavazi ya kazi akayaacha bandani, akarudi nyumbani ananukia sabuni. Wala hakupaza sauti tena. Mtaa ukachanganyikiwa. Akina mama wawili walimjia juu, kwamba anapita kimya kama mwizi, wao wamezoea sauti yake ndiyo saa yao ya kuanua nguo.

Mjukuu hakujua taratibu zozote. Kwake babu alikuwa mtu anayeingia jioni na kukaa kwenye kigoda. Mwanzo alimchungulia kutoka nyuma ya cherehani. Halafu akaja kumwonyesha kifungo. Halafu akaja kuchukua kifungo chake, akakishika na kidole cha babu pamoja, akasahau kukiachia. Mara Msiguse akajikuta amekaa na mtoto aliyelala kifuani, hathubutu hata kukohoa, mguu umeshakufa ganzi kitambo. Fundi alikuwa akivunga kama anatafuta sindano. Binti yao alisimama kwenye fremu ya mlango akiwatazama, uso wake haukusomeka, kisha akageuka ghafla akaingia ndani.

Msiguse alimwona. Akajua binti anahofia mwanawe asije akapata upupu. Kesho yake alijisugua majivu mara mbili, akabandika donge mpaka shingo ikawa nyekundu, na bandani Domo akamuuliza kama anakwenda kuposa.

Ilipoingia wiki ya mwisho ya kazi, mvua ilitishia kabla ya wakati wake. Huko juu ilikwishanyesha, na mto ukapanda mpaka karibu na mlango wa banda. Nyapara akaamuru kila mtu aondoe vyake usiku huo, visije vikasombwa. Msiguse alikuwa ameshaoga na kuvaa. Alikunja mavazi ya kazi kwa uangalifu wake wote, ndani nje, ncha kwa ncha, akayatia kwenye ule mfuko wa salfeti, akaubeba kwenye kijiti, mbali na mwili. Nyumbani aliyazamisha kwenye pipa la kiugani. Mfuko aliukung'uta, akautundika ukutani.

Mto ulishuka kabla ya asubuhi. Akavaa mavazi ya kazi ya akiba, akachukua shati safi na suruali safi, akavitia kwenye mfuko, akaenda kazini.

Mtu aliyeishi na upupu maisha yake yote, angewezaje kukosea hivyo? Aliweza kwa sababu taratibu zake zote zilihusu nguo inayovaliwa. Miaka yote aliyofanya kazi, nguo za mtoni zilikwenda mwilini na kurudi mwilini, hazikuwahi kubebwa. Kola ilikuwa na utaratibu wake, glavu ilikuwa na wake, hata msumari wa kutundikia kofia ulikuwa na wake. Mfuko ulikuja juzi tu, kama mgeni, na mgeni hakuambiwa sheria za nyumba.

Jioni ile alioga, akavaa, akaondoka bandani. Njiani shingo ilimwasha. Angekuwa Domo angejikuna, angeshtuka, angegeuka. Lakini yeye alikuwa Msiguse, msimu ulikuwa wa upupu, na shingo yake kuwasha ilikuwa habari ya kila siku. Akakaza meno, akakaza mwendo.

Mjukuu alikuwa uani. Fundi alikuwa ametoka kupeleka sare alizomaliza kushona, binti yuko jikoni na bakuli la unga. Mtoto aliona miguu ya babu chini ya pazia la mlango, akapiga ukelele wa furaha, akamkimbilia. Msiguse akautundika mfuko ukutani upesi, akachuchumaa, akafungua mikono. Siku hiyo ndiyo ya kwanza mtoto kumkimbilia tangu mbali hivyo, tangu mwisho wa uani. Alijitupa kifuani kwake, akabandika shavu shingoni, na babu akafumba macho.

Kilio kilipoanza, mwanzoni hakuelewa. Kisha alielewa kila kitu kwa mara moja: shingo, shati, mfuko. Alimtua mtoto chini, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga mabati, akainua mikono juu. Neno likamtoka lenyewe, lile la miaka yote. "Msiguse."

Binti alikwishafika. Hakupiga kelele wala hakukimbilia maji. Alimshika mtoto mikono yote miwili ili asijikune, akamkalisha kwenye kibao, akachukua mkasi wa mama yake na kukata gauni kuanzia shingoni mpaka chini, ili lisipitie usoni. Unga ulikuwa kwenye bakuli, akamwagia maji kidogo, akaukanda kwa mkono mmoja. Akaanza na shavu, anabandika, anabandua, anakunja donge upande mpya, kisha kidevu, kisha kifua, huku akimwimbia kitu kisicho na maneno. Hakuna aliyemfundisha. Au tuseme alifundishwa mara moja tu, na darasa lile alikuwa mwanafunzi mwenye jicho moja.

Msiguse alijifungia kiugani. Alivua, akajitia majivu ovyo ovyo, akajifunga shuka, akatoka akakaa kwenye kigoda mbali nao, karibu na ukuta. Mchuma janga hula na wa kwao, alijisemea, na mimi nimewalisha mara mbili. Shingo na mgongo vilikuwa vikimwaka moto lakini hakuvigusa. Machozi yalimshuka. Hakujifuta, aliogopa mikono yake.

Kilio cha mtoto kililegea, kikawa kwikwi, kikawa maswali. Shavu lilikuwa limevimba kidogo, macho yamesalimika yote mawili. Mama yake alimpa kidonge cha unga achezee. Kisha akainuka, akanawa, akakanda donge jipya, akaja mpaka pale kwenye kigoda. Akavuka ule umbali wa mkono mmoja.

"Usiniguse, mwanangu," alisema Msiguse. "Bado ninao."

"Najua unao, baba. Inamisha shingo."

Hakuinamisha. Alianza kumwomba radhi, ya leo na ya zamani zile, akisema hamlaumu hata chembe kwa kumwogopa, maana aliyeumwa na nyoka ana haki ya kushtuka. Binti alimsikiliza mpaka maneno yakamwishia. Donge lilikuwa linakauka mkononi mwake.

"Upupu sikuuogopa mimi," alisema. "Uliniwasha siku ile, ukaisha. Lakini nilikuona umekaa pale mlangoni unalia, huwezi hata kujifuta. Nikajua ni mimi niliyekuliza. Nikajisemea simgusi tena baba, asije akalia. Halafu nikazoea, nikakua, na kila nikitaka kuacha naona aibu. Nikija nikakukumbatia tu ghafla, utasema nimepatwa na nini?"

Msiguse aliilaza mikono yake magotini, akaitazama.

"Ulivyokaa na mwanangu kifuani, nilikwenda chumbani nikalia," binti alisema. "Niliona wivu, baba. Mtoto wangu mwenyewe nimemwonea wivu."

Akaweka mkono wa kushoto kwenye paji la uso la baba yake, akamwinamisha shingo kwa nguvu kidogo, kama watu wanavyowafanyia watoto wabishi, na kwa mkono wa kulia akabandika donge. Akalibandua. Akampangusa uso kwa ncha ya kanga, kwanza jicho hili, halafu lile. Akaendelea na mabega, akaendelea na mikono, kidole kwa kidole. Ngozi ya baba yake ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, na ilijaa makovu madogo madogo ambayo kwa umbali wake wa siku zote hakuwahi kuyaona. Hakuwa na haraka. Mahali pengine alibandika donge ambapo hapakuwa na kitu.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni na kapu lake tupu. Alitazama gauni lililokatwa, alitazama bakuli, aliwatazama wale wawili pale kigodani. Msiguse alimwonyesha mfuko wa salfeti ukutani kwa kidevu, naye akaenda kuushusha kwa koleo na kuutosa kwenye pipa.

Mtoto alichoka kucheza peke yake. Alikuja na kidonge chake cha unga, shavu limemtuna upande mmoja, akapiga magoti mbele ya babu na kuanza kumbandika mguuni kama alivyomwona mama yake akifanya, anabandika, anabandua, anachungulia kama kimetoka kitu. Mguu ule ulikwisha kusafishwa, lakini Msiguse alishtuka na kuanza kuuvuta.

"Mwache," alisema binti yake, bila kuuondoa mkono wake begani mwa baba yake.

Akauacha mguu palepale.